Wivu Wangu kwa Usingizi wa Mama Twalibu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso unanishuka, ingawa miaka imekwenda na wengi walioishuhudia wameshahama Madale au wametangulia mbele ya haki. Siku hiyo nilisimama mbele ya majirani zangu, nikiwa na akili zangu timamu, nikamchongea mwanamke ambaye kosa lake kubwa machoni pangu lilikuwa kwamba alilala mchana.

Cheka kidogo, nakuruhusu. Halafu unisikilize.

Nakuona unavyokuja kunisalimia. Shikamoo inatoka huku kidole gumba kinatembea kwenye simu. Nikikuuliza habari za kazi unaniambia, "Mama, nimechoka, yaani sijalala," na unalisema hilo kama mtu anayeonyesha cheti. Una ajira, una biashara ya mtandaoni, una masomo ya jioni, una magrupu ya harusi na misiba ambayo wewe mwenyewe hujui idadi yake. Na katikati ya maneno hayo unamtaja mwenzako mmoja wa kazini ambaye "mambo yake yananyooka tu". Ukimtaja, mdomo unapinda. Huo mdomo naujua. Niliwahi kuwa nao mimi, na ndiyo maana nimeamua nikusimulie jambo ambalo hata watoto wangu nimewaambia nusunusu.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Mimi na mume wangu, Baba Neema, fundi uashi, tulitoka Songea, tukapanga chumba kimoja Temeke, kisha tukapata kiwanja Madale tukahamia kwenye nyumba isiyo na dari. Madale ya wakati huo ilikuwa vilima na vichaka, nyumba moja huku, nyingine kule. Maji ya bomba hatukuwa nayo. Wakazi tulichanga tukachimba kisima kirefu, tukaweka pampu ya umeme na tangi kubwa juu ya nguzo za zege, na koki nne za kuchotea. Kamati ya maji ya mtaa ndiyo iliyosimamia, na aliyekabidhiwa funguo za kibanda cha pampu alikuwa jirani yangu. Jina lake Somoe, mtu wa Lindi, ila sote tulimwita Mama Twalibu kwa jina la mwanawe mkubwa. Kati ya kwake na kwangu palikuwa na ua wa michongoma tu.

Alikuwa na watoto watatu, kama mimi. Mume wake dereva wa lori la safari ndefu, nyumbani alionekana kama mgeni. Yaani kwa hesabu yoyote ile, mwanamke yule alikuwa na msaada mdogo kuliko mimi. Hilo ndilo lililonitesa.

Maana mimi, mwanangu, niliamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi. Saa kumi na mbili niko barabarani nayauza. Saa tatu nakaa kwenye cherehani, nilikuwa nashona sare za shule. Mchana napika huku nashona. Jioni mazoezi ya kwaya, na kwenye kwaya mimi ndiye katibu. Jumamosi nasuka watu nywele. Jumuiya yetu ya kanisa ikitafuta mtu wa kupika msibani, jina la kwanza kutajwa ni langu, nami naitikia kabla hawajamaliza kulitaja. Na pamoja na yote hayo hapakuwa na kitu hata kimoja kilichokwisha. Suruali zilikaa na mguu mmoja. Nguo zilizolowekwa juzi zinanuka ndani ya beseni. Watoto wanakwenda shule na soksi mbichi.

Upande wa pili wa michongoma, saa nne asubuhi nguo zimeshakauka. Mama Twalibu amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka, anaimba chini kwa chini. Watoto wake wakirudi shuleni wanakuta chakula kimefunikwa. Na ikifika saa nane mchana, ameshakula, ameshaswali, anatandika mkeka na kulala. Analala hasa. Mkoromo wake ulivuka ua ukanifikia kwenye cherehani. Nilikuwa nasimamisha mguu, nanyamazisha mashine, ili nimsikilize vizuri na nimchukie vizuri.

Nikaanza kumchunguza. Nilijua amefua saa ngapi, amepika nini, nani kaingia, nani katoka. Nilikuwa natafuta siri. Kwanza nikadhani ana msichana wa kazi anayemficha. Hakuwa naye. Nikadhani ana ndugu wanaokuja kumsaidia mimi nikiwa barabarani. Hawakuwepo. Mwisho nikajiambia ana dawa, na nikamnong'oneza mwanamke mmoja kwenye foleni ya maji kwamba haiwezekani mtu wa kawaida afanye yote yale na bado alale. "Waulize watu wa kwao," nikamwambia. Sikuwa na ushahidi wa lolote. Nilikuwa na wivu tu, na wivu ukikosa sababu hutengeneza yake. Neno lile likatembea mtaani bila mimi kulisukuma tena.

Jumapili moja Baba Neema alirudi kutoka Bunju alikokuwa anajenga, akaenda kwa Mama Twalibu kurudisha msumeno. Aliporudi akakaa, akavua viatu, akasema bila nia yoyote mbaya, "Kwa Mama Twalibu kumetulia jamani. Unakaa unasikia hata kuku anavyotembea."

"Basi hamia," nikamjibu.

Akacheka. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nilisonga mpaka mwiko ukavunjika.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Foleni kisimani ikawa ndefu. Mama Twalibu aliwasha pampu saa kumi na mbili asubuhi, akafunga saa nne, halafu akafungua tena saa kumi jioni. Katikati hapo, hata uje unalia, hafungui. Watu wakaanza kunung'unika, nami nikaona mlango wangu umefunguka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Nandonde, mzee wa watu aliyefanya kazi ya ufundi pampu maisha yake yote. Lakini wiki zile alikuwa amekwenda Newala kumzika kaka yake, na alikawia huko kwa mambo ya familia. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mtu mwema asiyejua kumkatalia mtu.

Mkutano ukaitishwa. Nikasimama.

"Jamani," nikasema, "sie tunakaa juani na ndoo, watoto mgongoni, kumbe mwenye funguo kalala. Sijaambiwa na mtu. Mie mwenyewe namsikia akikoroma. Pampu ya watu wote inafungwa ili mtu mmoja apate usingizi?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi vile hata kwenye kwaya.

Mama Twalibu akasimama polepole, akajitanda khanga vizuri. "Kulala ni kweli nalala," akasema. "Ila sifungi pampu ili nilale. Nalala kwa kuwa pampu imefungwa. Maji ya chini yakishuka yanataka muda yapande tena. Ukivuta mfululizo yanaisha, na pampu ikizunguka kavu inaungua. Mzee Nandonde ndiye aliyenifundisha."

"Mzee Nandonde hayupo," nikamrukia, "na kiangazi hakimsubiri."

Makofi tena. Kabla jua halijazama, funguo nilikuwa nimepewa mimi.

Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe kunikabidhi. Alikuwa na funguo, daftari alilokuwa akiandika saa za kuwasha na kuzima, na kamba ndefu yenye mafundo na kipande cha chuma mwishoni. "Mama Neema," akaniambia, "hii unaiteremsha kisimani kabla hujawasha. Ukiona mpaka fundo hili la kitambaa chekundu imetoka kavu, maji yako mbali. Usiwashe. Subiri."

"Nimeelewa," nikasema.

Sikuelewa hata robo. Muda wote alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa naangalia mikono yake kama inatetemeka. Haikutetemeka. Nikaumia zaidi.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Niliwasha pampu alfajiri nikazima jioni. Watu wakanisifu, "Mama Neema ni jembe!" Na mimi nikapita mbele ya baraza ya Mama Twalibu na pete ya funguo kidoleni, naitikisa makusudi. Kazi zangu nyingine sikuacha hata moja. Cherehani nilihamishia mlangoni mwa kibanda cha pampu. Maandazi nikayakanda mapema zaidi.

Wiki ya pili mambo yakaanza kugeuka, taratibu, kiasi kwamba sikuona mwanzo wake. Maji yakaanza kutoka na mchanga. Kisha koki zikapungua nguvu, ndoo iliyojaa kwa muda wa salamu mbili sasa inakula muda wa hadithi nzima. Ndoo zikichelewa kujaa, foleni inarefuka. Foleni ikirefuka, naacha pampu iendelee kuzunguka. Mimi nikiwa pale, sare zinalala. Mwalimu mmoja akaja kulalamika kwamba nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Nikafumua, nikashona upya, nikachelewa na zilizobaki. Maandazi yakaungua. Nikawafokea watoto kwa makosa ya maandazi.

Katikati ya hayo Neema akaugua. Alikuwa na miaka minane. Asubuhi aliniambia, "Mama, kichwa." Nikamwambia, "Kunywa maji, lala kidogo, nakuja." Nilikuwa na haraka ya kwenda kuwasha pampu. Nilirudi saa saba mchana.

Kitandani hakuwepo. Nikazunguka nyumba, nikaita. Nikasikia sauti ya Mama Twalibu kutoka ng'ambo ya ua: "Yuko huku." Nikaenda. Mwanangu amelala kwenye ule mkeka, na mkono wa mwanamke yule uko mgongoni pake. Alikuwa amemwona Neema saa nne amekaa kizingitini anatetemeka, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Malaria. Dozi ya kwanza ameshampa, uji ameshamnywesha.

Nilipaswa kupiga magoti, mwanangu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Nani kakwambia umchukue mwanangu?"

"Hakuna aliyeniambia," akajibu. "Alikuwa anatetemeka."

Nikamnyanyua Neema. Akafumbua macho, akanitazama, akaanza kulia anataka kurudi pale. Nikaondoka naye analia, na mimi nimekasirika mpaka meno yananiuma. Kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu mtoto wangu wa kuzaa, kwa sababu yeye alipata nafasi kwenye ule mkeka na mimi sikuipata.

Siku nne baadaye, jua liko utosini, nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda cha pampu. Nilikuwa nasubiri tangi lijae. Nikaegemeza kichwa ukutani nipumzishe macho kidogo. Nilichosikia baadaye ni kelele: "Mama Neema! Mama Neema, moshi!"

Nikashtuka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kisanduku cha swichi, na harufu ya waya unaoungua imejaa kibandani. Koki zilikuwa zinakohoa matope. Nikaruka nikazima, lakini ilikuwa imeshakufa. Ule mvumo tuliouzoea haukuwepo tena. Wanawake kama thelathini walikuwa wamesimama na ndoo zao, wananitazama.

Mmoja akasema, wala hakupaza sauti, "Alikuwa kalala."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwezi mzima na zaidi Madale yetu ilikaa bila maji. Watu waliteremka Tegeta na baiskeli na mikokoteni ya madumu. Watoto walikwenda shule na mashati ya juzi. Kwenye msikiti mdogo wa karibu waumini walitawadha kwa kikombe. Hakuna aliyenitukana. Nilipopita, mazungumzo yalikatika, na nikishapita yanaendelea. Heri wangenitukana.

Mzee Nandonde alirudi kutoka Newala akakuta hali hiyo. Akakusanya wanaume, wakavuta mabomba juu moja baada ya jingine mpaka pampu ikatoka imejaa mchanga. Akaniita. Nilimkuta amekaa juu ya bomba, mikono ina grisi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Akachukua msumari uliokuwa chini, akauliza, "Pampu imeungua kwa nini?"

"Maji yaliisha, baba."

"Yaliisha kwa nini?"

"Niliwasha bila kukipumzisha kisima."

"Kwa nini hukukipumzisha?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Ilirefuka kwa nini?"

"Koki zilikuwa zinatoa maji kidogo."

"Kidogo kwa nini?"

"Kwa sababu… niliwasha bila kukipumzisha."

Kila nilipojibu alikuwa anachora mstari kwenye mchanga. Nilipotazama chini, mstari ulikuwa umezunguka ukarudi ulipoanzia. "Unaona?" akasema. "Kila ulivyoharakisha ndivyo ulivyochelewa. Ulikuwa unatazama foleni tu, kwa kuwa foleni ndiyo inayopiga kelele. Sasa niambie. Siku ile ulilala kwa nini?"

"Nilichoka, baba."

"Ulichoka kwa nini?"

Nikaanza kumweleza maandazi, cherehani, kwaya, nywele. Nikamweleza kwamba nikishona na usingizi nakosea, nikikosea nafumua, nikifumua nachelewa, nikichelewa silali, nisipolala nakosea… Niliyasikia maneno yangu mwenyewe yakizunguka.

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. "Pampu tutapata nyingine," akasema. "Linaloniuma ni hili. Yule binti alikuwa anajua. Alisimama akawaambia. Na wewe ulikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote hapa, ua tu katikati. Ungeweza kumwuliza, dada, wewe unafanyaje? Kwa nini hukuuliza?"

Machozi yakanitoka. "Nilimwonea wivu, baba."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Wivu ulikuonyesha mtu mwenye kitu unachokihitaji. Badala ya kwenda kumwuliza ukaenda kumnyang'anya funguo. Na hicho kitu hakikuwa kwenye funguo, mwanangu. Nenda kwake. Mimi sina la kukusamehe."

Nilikwenda saa tisa mchana, na bila shaka alikuwa amelala. Nikakaa pembeni mwa baraza nikasubiri aamke mwenyewe. Ilinichukua muda kumtazama bila kitu kunichoma. Alipoamka akaniona, hakushtuka wala hakutabasamu.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Kwa funguo, kwa mkutano, kwa siku ile ya Neema."

"Ulisema nina dawa."

"Nilisema."

"Twalibu alirudi shuleni analia. Wenzake walimwambia mama yake mchawi."

Akakaa vizuri, akavuta ukili wake, akasuka kidogo. Nilidhani ameshamaliza na mimi. Halafu akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Kabla ya kuhamia huku tulikuwa Temeke," akasema. "Nilikuwaga kama wewe. Nabangua korosho za watu, nafua nguo za watu, napika vitumbua. Kila mtu ananisifu mchapakazi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, kabla ya huyu mdogo. Mtoto akaacha kucheza tumboni. Mie nikagundua siku ya tatu. Siku tatu nzima, Mama Neema. Hospitali hawakusema kwamba ni kwa sababu ya kazi, walisema mambo haya hutokea. Labda. Lakini mwanangu alinyamaza siku tatu na mie sikuwa na nafasi ya kusikia."

Mikono yake iliendelea kusuka.

"Ndiyo maana nalala," akasema. "Nalala ili nikiamka niweze kusikia."

Miezi yote ile nilikuwa nautamani usingizi wa mwanamke yule kama mtu anayetamani nguo ya jirani kwenye kamba. Sikujua aliupatia wapi. Nililia pale barazani, na yeye hakunibembeleza. Aliniletea maji ya kunywa, kikombe kimoja kutoka dumu lililotoka Tegeta, akaniambia nisiyamwage.

Kwenye mkutano uliofuata nilisimama tena. Nikasema mbele ya wote kwamba habari ya dawa niliitunga mimi, na kwamba kuhusu kisima alisema kweli na mimi nilikuwa sijui ninachokisema. Hakuna aliyepiga makofi. Pampu mpya ilipopatikana Mzee Nandonde alimrudishia Mama Twalibu funguo, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba afundishwe mtu wa pili, ili siku yeye akiugua mtaa usikauke. Nilitumaini atanitaja mimi. Alimtaja mwanamke mwingine, na alikuwa na haki. Nikamwonea wivu huyo naye. Nakwambia ukweli ili usije ukadhani haya mambo yanaisha kwa siku moja.

Ila nilianza kuuliza. Nilikuwa navuka ua jioni, nakaa, nauliza. Hakuwahi kunipa ratiba. Aliniuliza, "Saa ngapi macho yako yanauona uzi vizuri?" Nikasema asubuhi. "Na asubuhi unafanya nini?" Nauza maandazi. Akaendelea na ukili wake. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba ameshanijibu. Nikaacha maandazi, cherehani ikachukua asubuhi, na mashati ya kufumua yakapungua mpaka yakaisha. Ushonaji ulipoacha kuvuja jioni, jioni ikapata nafasi ya kufua, na soksi zikakauka zenyewe bila mimi kukimbizana nazo. Ukatibu wa kwaya nikaukabidhi kwa mwingine. Kwaya ikaimba vizuri tu bila mimi, na hilo nalo liliniuma kidogo.

Nilikosea pia. Kuna mwezi niliacha mambo mengi kwa mpigo, hata Jumamosi za nywele, nikajikuta mpweke na mwenye gubu, maana kumbe pale kwenye kusuka nywele ndipo nilipochekaga. Nikazirudisha. Na siku ya kwanza nilipojilaza saa nane mchana nilikaa macho wazi natazama mabati, najihisi mwizi. Baba Neema akaingia, akaniona, akatoka tena kwa kunyata. Nikalala.

Mama Twalibu sasa anaishi Pugu kwa mwanawe. Hatukuwa mashoga wa kushikana mikono, sitakudanganya. Lipo jambo kati yetu ambalo radhi yake imelifunika bila kulifuta. Lakini Neema alipoolewa alimwomba Mama Twalibu akae naye upande wa mama, nami nikasogea nikampa nafasi.

Sasa sikia ninachokuomba, mwanangu. Unapochoka, usikimbilie kulaumu siku kuwa fupi. Kaa chini, ufuate uchovu wako kwa nyuma, kwa nini, na kwa nini tena, mpaka uone unapozunguka. Utakuta jambo moja unaloliita bidii ndilo linalozaa kazi nyingine tano. Anza na hilo moja, kisha utazame wiki mbili tatu linagusa nini kingine, kwa sababu ukigusa usingizi umegusa hasira, na ukigusa hasira umegusa watoto. Usitupe kila kitu. Kinachokuchosha na kinachokujaza nguvu wakati mwingine vinafanana kwa nje, na wa kuvitofautisha ni wewe. Usichague kinachopiga kelele zaidi na kuacha kinachonyamaza. Na yule mwenzako ambaye mdomo wako unapinda ukimtaja, mwendee. Mwulize anafanyaje, halafu mwulize iligharimu nini. Jibu la pili usiliharakishe.

Nami nakuombea. Mungu akupe afya ya mwili na moyo mweupe. Akupe kazi isiyokula watu wako, na watu watakaokwambia ukweli kabla haujachelewa. Akujalie masikio ya kuwasikia wanao hata wanapokuwa kimya. Akuzeeshe vizuri, uwe na la kuwaambia wengine, na usione haya kulisema. Amina, mwanangu. Amina.